Namna ya kuifunga siku ya kazi ukiwa mtu wa ustawi wa jamii

Binti yangu alikuwa na miaka 7 siku aliponiambia "mama, usinihoji". Alikuwa ananisimulia ugomvi wake na rafiki yake, mi nimekaa kwenye kiti nimeinama kidogo kumwelekea, sauti nimeishusha, natikisa kichwa taratibu, afu nikamuuliza na ulivofanyiwa hivo ulijisikiaje, yaani kila kitu vilevile kama ninavofanya na mtoto wa kwenye faili. Akaniangalia akanyamaza kidogo, afu ndo akaisema hiyo. Nilikuwa nimefika nyumbani tangu saa kumi na mbili jioni lakini kazini sikuwa nimetoka.

Nimefanya ulinzi wa mtoto miaka 11 sasa, na kitu nilichojifunza kwa kuumia ni kwamba kazi yetu haina kengele. Fundi akimaliza kiti kinasimama pale anakiona, mwalimu kengele inalia, sisi hakuna faili linalokwambia haya basi nenda zako. Kuna kaya utaifuatilia mwaka mzima na siku unapoifunga unaifunga na wasiwasi. Kwa hiyo mwisho wa siku lazima uutengeneze mwenyewe, kila siku, kama mtu anavofunga madirisha kabla hajalala. Nitaeleza ninavofanya mimi na wenzangu, na pia nitasema ni wapi hii haisaidii kitu kwa sababu tatizo si wewe, tatizo ni mzigo.

Kwanza ujue kinachokuumiza ni kipi

Wengi tunasema tu "nimechoka" na kila kitu kinaingia humo. Lakini kuna uchovu wa aina tofauti na dawa zake ni tofauti, ukitumia dawa ya huu kwa ule unapoteza muda.

Kuna kuchoshwa na kazi yenyewe, ule uchovu sugu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandika mwaka 1974 baada ya kuwaona watu wa kujitolea kwenye kliniki wakiisha nguvu taratibu, na baadaye Christina Maslach akauchambua ukaonekana una sura tatu: umekauka huna kitu cha kutoa, umeanza kuwaona wateja kama namba au kama kero, na unahisi unachofanya hakina maana. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, lakini si kama ugonjwa, wameuita jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa. Sasa hilo neno "kazini" ndugu yangu lishike vizuri maana tutalirudia tukifika kwa bosi.

Kuna kiwewe cha kusikia. Hukupigwa wewe, hukubakwa wewe, ila umesikiliza, umeandika, umepiga picha za alama mwilini, na sasa picha zinakujia ukiwa unaoga. Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman mwaka 1990 walieleza jinsi kuwasikiliza walioumizwa kunavobadilisha namna msikilizaji anavouona ulimwengu wenyewe, usalama, kuamini watu, hivo vitu. Mi nilijua imenipata siku nilipomwona mwanaume barabarani amemshika mkono mtoto nikaanza kumchunguza mtoto anatembea vipi, ana hofu au hana. Alikuwa baba yake tu anampeleka shule. Na usidhani uko peke yako, Brian Bride aliwauliza watu 282 wa kazi yetu huko Marekani, matokeo yakatoka 2007, asilimia 15 hivi walikuwa na dalili za kutosha kufikia vigezo vya msongo wa baada ya kiwewe. Hao ni wasikilizaji tu.

Afu kuna dhamiri kuuma. Unajua kabisa mtoto huyu hafai kurudi pale, lakini nafasi kwenye makao hakuna, amri imetoka, unamrudisha kwa mikono yako. Hii kupumzika hakuitibu, hata ulale siku tatu ukiamka iko palepale. Inataka kusemwa kwa mtu anayeijua kazi, na inataka iandikwe kwenye faili kwamba ulishauri vingine, tarehe na sababu. Mimi kuiandika kumenisaidia kuliko maombezi yote ya "usijilaumu".

Namna rahisi ya kupima: ukipata siku tatu nne za kupumzika kwelikweli nguvu zikarudi, ulikuwa umechoka tu. Zisiporudi, au zikarudi zikaisha Jumatatu saa nne asubuhi, ni kikubwa zaidi. Pia kuna dodoso linaitwa ProQOL, alilitengeneza Beth Hudnall Stamm, maswali 30 kuhusu siku zako 30 zilizopita, ni la bure na linakupa alama tatu tofauti, ya uchovu wa kazi, ya kiwewe cha kusikia na ya kuridhika na kusaidia watu. Halikupi ugonjwa, linakuonyesha tu umeegemea wapi. Lijaze kila baada ya miezi mitatu uhifadhi, maana kinachosema ukweli ni jinsi alama zinavosogea.

Dakika 20 za mwisho

Hapa ndo penyewe, kama utafanya kimoja tu kwenye haya yote fanya hiki.

Dakika 20 kabla ya kutoka usianzishe kitu kipya isipokuwa dharura ya kweli. Usifungue barua pepe mpya, usipige ile simu ngumu ukijisemea niimalize tu niondoke, ile simu ndo unaenda nayo kitandani. Chukua daftari, na kwa kila kesi ambayo inakuwasha kichwani (huwa si zote, huwa ni mbili au tatu) andika mistari mitatu. Wa kwanza, nimefanya nini leo. Wa pili, kinachofuata ni nini, lini na saa ngapi. Wa tatu, usiku huu nani ameshika.

Mfano wangu wa hivi karibuni, nimebadilisha mambo ya kumtambulisha mtu:

"Faili la bluu. Bibi amekubali kukaa na mtoto mpaka Alhamisi, nimeona chumba, kuna kitanda na mlango unafungika. Kesho saa 3 asubuhi nampigia daktari kuhusu ripoti. Usiku huu zamu iko kwa mwenzangu, bibi ana namba ya dharura, nimemwomba aisome kwa sauti akaisoma sawasawa."

Ni hivo tu. Inaonekana ndogo lakini ina sababu. Mwaka 2011 watafiti wawili, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba jambo ambalo hujalimaliza linakuingilia kichwani ukiwa unafanya mengine, ila ukilipangia mpango unaoeleweka usumbufu unapungua hata kama jambo lenyewe bado hujaligusa. Kichwa kinachotaka ni uhakika kwamba halitasahaulika, kikishaupata kinalegea. Ndo maana mstari wa pili lazima uwe na saa, ukiandika "kufuatilia" kichwa hakikuamini.

Na huo mstari wa tatu ndo unaonitoa machozi mpaka leo, kwa sababu nilipouandika mara ya kwanza niligundua kwa kesi nne mfululizo jibu lilikuwa "mimi". Hakuna mtu mwingine. Yaani mfumo mzima wa usiku ulikuwa simu yangu. Kama na wewe kila ukiandika unajikuta ni wewe, usijilaumu kwamba huwezi kuacha kazi kazini, kwa sababu kazi kweli haijakabidhiwa kwa mtu, na hilo ni la kupeleka juu.

Daftari usiende nalo nyumbani. Funga kwenye droo au kabati lenye ufunguo, kwanza ni siri za watu, pili kitendo chenyewe cha kugeuza ufunguo kinafanya kazi. Baada ya hapo mwili nao uambiwe: mimi naosha mikono mpaka kwenye viwiko na kubadilisha viatu, viatu vya kaya vinabaki ofisini. Mwenzangu mmoja yeye anavua kitambulisho shingoni akiwa amesimama mlangoni, hakivui kabla na wala hatoki nacho. Chagua chako ila kiwe kilekile kila siku. Wanaofanyia kazi nyumbani ndo wanahitaji hii zaidi, funika kompyuta, toka nje ya mlango, zunguka dakika kumi, urudi kama mtu anayefika.

Siku ukitoka kusikia jambo zito

Usiende moja kwa moja kwenye kaya inayofuata. Najua ratiba, najua, lakini dakika kumi zipo. Kaa mahali, miguu yote miwili chini, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, rudia kama mara kumi hivi, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta maana ndiko kunakoushusha moyo. Angalia vitu vilivyopo ulipo uvitaje kimoyomoyo, ukuta, mti, mlango wa kijani. Unaukumbusha mwili kwamba uko hapa, hauko kwenye kile chumba ulichosimuliwa.

Na kuna tabia moja tunayo maofisini lazima niiseme. Mtu anarudi na stori nzito anaimwaga palepale kwa wote, na mwenzake alikuwa ndo anakusanya vitu aende nyumbani, sasa naye anaondoka na picha ambayo hakuiomba. Muulize kwanza, "nina kitu kizito, una nafasi ya kunisikiliza sasa hivi?" na akisema hapana ukubali. Akikubali, anza na lililokuumiza wewe, ya kina kuhusu majeraha yenyewe mara nyingi hayahitajiki kabisa ili usaidike. Sisi tulikubaliana hivo kikaoni na jioni zetu zikawa nyepesi.

Simu

Nilitoa namba yangu binafsi kwa mama mmoja mwaka wangu wa pili kazini. Nilimwonea huruma na ofisi haikuwa na simu ya zamu. Alipiga saa nane usiku, nikapokea, nikamsaidia, akapiga tena kesho yake, na ndani ya mwezi nilikuwa nalala na simu mkononi, ikilia nashtuka, isipolia pia nashtuka nikidhani kimya kina maana mbaya. Kumwambia baadaye kwamba sitapokea tena usiku ilimuumiza kuliko kama ningemwambia siku ya kwanza. Yeye alihisi ameachwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kwa upole, uso kwa uso: "Mimi napatikana saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni siku za kazi. Nje ya hapo piga namba hii ya zamu. Ukiwa kwenye hatari piga dharura hapohapo, usinisubiri mimi." Mpe imeandikwa, mwambie akurudishie kwa maneno yake, na mwachie karatasi. Huu si ukatili, mteja anayejua apige wapi saa nane usiku yuko salama kuliko anayekutegemea wewe ambaye siku moja utakuwa umelala.

Grupu la ofisi kwenye WhatsApp nalo ni kazi, liweke kimya ukishafunga daftari. Ufaransa waliingiza kwenye sheria tangu Januari 2017 kwamba kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutokuwa hewani nje ya saa za kazi. Hata kama ulipo hakuna sheria hiyo, timu inaweza kukubaliana: ya dharura tunapiga simu, meseji zote nyingine zinasubiri asubuhi. Ila kiongozi wa timu aanze yeye, maana akituma meseji saa tano usiku na kuandika "si lazima ujibu sasa" watu wote wanajibu sasa.

Mzigo upeleke kwa bosi ukiwa na hesabu

Hapa ndo mambo ya kuvuta pumzi yanapofikia kikomo. Kama una kesi ambazo watu wawili wasingezimaliza, hakuna daftari litakalokuokoa, na mtu asije akakupeleka kwenye semina ya kujitunza ya saa mbili afu akurudishe kwenye meza ileile, mi hilo linaniuma sana kwa sababu nimeona watu wazuri wakiondoka kwenye kazi wakidhani wao ndo dhaifu.

Ukienda kusema "nimelemewa" utaambiwa sote tumelemewa, pole. Nenda na karatasi. Wiki mbili andika kila saa imeenda wapi, kwa ukweli, pamoja na safari na kusubiri mahakamani. Afu piga hesabu. Tuseme una kesi 28 na kila moja inataka angalau saa moja na nusu kwa wiki, hiyo ni saa 42. Ongeza saa 4 za vikao, 6 za safari, 5 za ripoti za mahakama, jumla saa 57. Mkataba unasema saa 40 kwa wiki. Mweke mbele hiyo 17 inayozidi na umwombe hivi: "Naomba tuamue pamoja, saa hizi 17 zitoke wapi, kesi zipi zisubiri, zipi ziende kwa mwingine, na tuandike." Hilo la kuandika ni muhimu kweli. Kesi ikiharibika kwa sababu ilisubiri, iwe inajulikana kwamba uamuzi wa kusubiri ulifanywa mezani na watu wawili, siyo kwamba fulani alizembea. Baada ya kikao mtumie barua pepe fupi ya mlichokubaliana.

Na kikao chako na msimamizi kikague pia. Alfred Kadushin, ambaye wengi tumemsoma darasani, aliugawa usimamizi wa kazi yetu kwenye mambo matatu: uendeshaji, kufundisha, na kumshika mkono mfanyakazi. Kama kila mkikutana ni fomu zimejazwa au hazijajazwa basi unapewa theluthi moja. Iombe iliyobaki kwa jina, sema "leo naomba dakika 15 tusizungumzie fomu, nataka kuzungumzia kaya moja inavonikaa". Wasimamizi wengi hawakatai, hawajaombwa tu. Na akikukatalia una pa kusimama: kanuni za kimataifa za maadili ya kazi yetu zilizopitishwa Dublin 2018 zinasema wazi kwamba tuna wajibu wa kujitunza, kikazi na binafsi. Wameandika wajibu. Iweke kwenye barua yako.

Ukikosa kabisa huko juu, tafuteni wenzenu watatu wanne mkutane kwa muda wa saa moja kila baada ya wiki mbili, kesi moja kwa kikao, majina hayatajwi, na hakuna kutoa ushauri mpaka mwenye kesi auombe. Kanuni hiyo ya mwisho ni ngumu kwa watu wa ushauri kama sisi, lakini bila hiyo kikao kinageuka kazi nyingine.

Ukifika nyumbani

Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz mwaka 2007 walitaja vitu vinne vinavyorudisha nguvu baada ya kazi: kuacha kuifikiria kazi, kutulia, kufanya kitu kinachokukuza ujuzi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Wengi wetu tunajua hicho cha kutulia peke yake, tena kwa kulala kwenye kochi na simu usoni. Mi kilichonisaidia zaidi ni hicho cha ujuzi, na nadhani ni kwa sababu kazini hakuna kinachoisha. Nilianza kujifunza kushona. Mshono ukinyooka umenyooka, kifungo kikishika kimeshika, hakuna atakayenipigia wiki ijayo kwamba kifungo kimerudi kwa mjomba wake. Tafuta kitu chenye mwisho unaoonekana kwa macho.

Kwa mwenzi wako, siri za watu huwezi kumwambia na usimwambie, lakini hali yako unaweza. "Leo nimesikia jambo zito la mtoto, sikasiriki na wewe, nipe nusu saa." Sentensi kama hiyo ingeokoa jioni nyingi za miaka yangu ya mwanzo, mume wangu alikuwa anadhani kimya changu ni yeye.

Usingizi, angalau saa saba, kahawa isiwe ya jioni. Na pombe nisiizungukie: kama unakunywa ili picha zisije, hiyo si starehe tena, ni dalili, soma aya inayofuata.

Ikizidi wiki mbili huzuni haitoki, usingizi umekataa, ndoto ni za kesi, unakwepa kaya fulani, unawafokea watoto wako afu unalia chooni, tafuta mwanasaikolojia au daktari. Ukiwa na mawazo ya kutotaka kuishi usisubiri wiki mbili, ni leo, mwambie mtu mmoja aliye karibu akusindikize. Najua kinachotuzuia. Washauri wote wa karibu tunawajua, ndo haohao tunawapelekea wateja kwa rufaa, na tunaona haya kukaa upande ule wa meza. Basi chagua aliye nje ya mtandao wako wa kazi, hata wa kwa simu kutoka mji mwingine, na mwambie tangu mwanzo kazi unayofanya ili asishtuke na unayomwambia.

La mwisho ni likizo, maana wengi wanarudi nayo imeshaungua siku ya kwanza. Wiki moja kabla, kila kesi iliyo hai iwe na jina la mtu atakayeishika na mteja awe ameshamwona sura, siyo kutajiwa tu. Ujumbe wa barua pepe useme nani atafutwe. Na ile asubuhi ya kurudi usipangiwe kaya yoyote wala mahakama, omba mapema saa nne za kwanza ziwe zako za kusoma mafaili na kukaa na aliyekushikia akueleze nini kimetokea, anza na zile kesi ambazo kwenye mstari wa tatu wa daftari jibu lilikuwa "mimi".